Maziwa ya kopo na punguzo lililokatazwa: kanuni zafikaje Arua na Koboko?

Mteja aingiaye katika duka la Arua au la Koboko amezoea kuona bei zikipanda na kushuka. Sabuni hushuka wiki hii, mafuta ya kupikia wiki ijayo, na anayenunua kwa wingi huongezewa kitu kidogo mkononi ili arudi tena. Hakuna anayeshangaa, kwani biashara ndivyo ilivyo. Lakini katika rafu hizo hizo ipo bidhaa moja ambayo mwenye duka hana ruhusa ya kuinadi hivyo: maziwa ya unga ya watoto wachanga, yale ambayo wengi wetu huyaita maziwa ya kopo.

Katazo hilo halijulikani sana, na pale linapojulikana hueleweka vibaya. Muuzaji huuliza: nikimpunguzia mama bei, kosa langu ni lipi? Mama naye huuliza: ikiwa serikali inanizuia kupata maziwa kwa bei nafuu, inamlinda nani? Maswali hayo mawili yana haki ya kujibiwa, kwa sababu jibu lake limefichwa katika sentensi moja ya kanuni ambayo wauzaji wengi hawajawahi kuisoma, na hata wanaoitetea sheria huiruka.

Asili ya jambo ni Geneva. Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyotumiwa badala ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, tatu zilijizuia, na moja tu, Marekani, ilipinga. Kanuni hizo peke yake si sheria; kila nchi huachiwa kuzitia katika vitabu vyake. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1997, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Chakula na Dawa. Kenya ilipitisha sheria kamili ya bunge mwaka 2012, na Tanzania ikatengeneza upya kanuni zake mwaka 2013. Mkondo ni mmoja katika nchi zote tatu: hakuna kuyatangaza maziwa hayo kwa umma, hakuna sampuli za bure kwa akina mama, hakuna zawadi kwa wauguzi na wakunga, hakuna vivutio dukani.

Kifungu cha tano cha Kanuni za Kimataifa kinavitaja vivutio hivyo kimoja kimoja. Kinakataza kuyapanga makopo mahali maalumu ili yavute macho, kutoa kuponi za punguzo, kutoa nyongeza kwa mnunuzi, kufanya mauzo maalumu ya muda, kuuza chini ya gharama ili kumleta mteja mlangoni, na kuifungamanisha bidhaa hiyo na nyingine. Kisha inakuja sentensi ninayoizungumzia. Inasema kwamba katazo hilo halizuii kuweka bei ya chini iliyokusudiwa kudumu kwa muda mrefu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kanuni hazipingi maziwa kuwa rahisi. Zinapinga bei inayokuja na kuondoka. Mfanyabiashara wa Koboko akiamua kwamba tangu leo kopo litauzwa kwa faida ndogo, mwaka mzima, kwa kila mtu, hajavunja kitu. Akilishusha kwa siku kumi na kubandika tangazo mlangoni, amevunja. Kwa macho ya biashara ya kawaida tofauti hiyo ni ya ajabu, maana punguzo la siku kumi linaonekana kuwa ukarimu mdogo tu. Ili kuelewa kwa nini linahesabiwa kuwa hatari, yatupasa kuliacha duka kidogo na kutazama kifua cha mama.

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto anayenyonya mara nyingi huuambia mwili uzidishe; anayeshibishwa kwa chupa huuambia upunguze. Mwili hauna njia ya kujua kwamba chupa ilikuwa ya wiki moja tu. Sasa tufanye hesabu. Mtoto wa miezi minne asiyenyonya hunywa karibu mililita 800 kwa siku. Kopo la gramu 400 hutoa takriban lita tatu likikorogwa sawasawa, kwa hiyo halimalizi siku nne. Tuseme duka limetangaza kwamba anayenunua makopo mawili atapewa la tatu kwa nusu bei. Makopo yote matatu ni chakula cha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili bei imerudi pale ilipokuwa, kifua kimepungua, na familia inahitaji makopo manane kila mwezi. Punguzo limekwisha, hitaji lililozaliwa nalo ndilo limeanza.

Inawezekana kumrudisha mtoto kifuani. Wakunga wenye ujuzi hufanya kazi hiyo, lakini inataka subira na siku nyingi za kunyonyesha kila mara, na mama anataka mtu wa kumshika mkono. Wengi hawampati. Wanachofanya badala yake kinafahamika katika kila nchi maskini: vijiko vya unga vinapunguzwa, maji yanaongezwa, na kopo la siku nne linafanywa la siku nane. Mtoto hushiba maji. Au kopo huachwa kabisa, na mahali pake huja uji mwepesi, au maziwa ya ng'ombe, kabla tumbo la mtoto halijawa tayari.

Kisha kuna maji yenyewe. Unga wa maziwa ya watoto si bidhaa isiyo na vijidudu, hata kopo likiwa jipya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, linaagiza ukorogwe kwa maji ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kisha yapozwe haraka kabla ya kumnywesha mtoto. Mama aliyejifungua hivi karibuni, akitumia makaa au kuni, angelazimika kuwasha moto mara sita au saba mchana na usiku. Mwenye chupa ya chai ya kuhifadhi joto amepata nafuu kidogo. Lakini nani huyaweka makaa katika bei ya kopo? Tangazo la punguzo haliwataji, wala haliitaji sabuni ya kuoshea chupa, wala jerikeni la maji ya ziada.

Anayedhani kwamba hizi ni hofu za vitabuni aikumbuke Botswana. Nchi hiyo ina mapato makubwa kuliko ya Uganda na maji ya bomba yaliyoenea, na serikali yake ilikuwa ikiwapa maziwa ya kopo bure akina mama wenye virusi vya UKIMWI ili wasiwaambukize watoto kwa kunyonyesha. Nia ilikuwa njema na mpango ulipangwa vizuri. Mwanzoni mwa mwaka 2006 zikanyesha mvua kubwa, maji yakachafuka, na mlipuko wa kuhara ukaua mamia ya watoto wadogo. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba waliougua na kufa walikuwa hasa wale wasionyonya. Tangu mwaka 2010 WHO inashauri kwamba, pale serikali ilipochagua njia hiyo, mama mwenye virusi anyonyeshe huku dawa za kufubaza virusi zikitumika. Nataja jambo hili kwa sababu bado wako wanaoamini kwamba hali hiyo peke yake yatosha kumpeleka mama dukani.

Uganda haikuyapokea mawazo haya kutoka nje tu. Sehemu ya fikra iliyozaa Kanuni za mwaka 1981 ilikulia Kampala. Daktari Derrick Jelliffe alikuwa profesa wa afya ya watoto Makerere tangu mwaka 1959 hadi 1966, na katika miaka hiyo ya 1960 ndipo kilipoanzishwa Mulago kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichopewa jina kutokana na msemo wa Kiganda kuhusu mtoto mwenye afya. Jelliffe baadaye alibuni neno la Kiingereza lenye maana ya utapiamlo uletwao na biashara. Alitaka kuutenga na ule uletwao na ukame au vita, kwa kuwa huu una mtu anayeupatia faida. Mwaka 1977 wanaharakati wa Marekani walianza kuzisusia bidhaa za kampuni ya Nestlé kwa sababu ya namna maziwa ya watoto yalivyokuwa yakiuzwa katika nchi maskini, na miaka minne baadaye Geneva ikapiga kura.

Turudi sasa Nile Magharibi. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020, na barabara ya lami kutoka Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita hapo kuelekea Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Kiswahili chetu cha eneo hili kilikuja kwa njia hizo hizo, pamoja na askari, wachuuzi na wasafiri, na bidhaa hufuata njia hizo hadi leo. Soko la Ariwara liko upande wa pili wa mpaka, na wanunuzi huvuka asubuhi na kurudi jioni. Kanuni ya Uganda hukoma Vurra. Mwenye duka wa Arua anayeitii sheria anashindana na kopo ambalo huenda limepita nchi tatu kabla ya kufika, na mkaguzi anayetaka kujua ni nani aliyelishusha bei atapata kazi kumjua hata aliyeliingiza.

Lebo nayo ni tatizo. Kanuni za Kimataifa zinataka kila kopo liwe na maelezo katika lugha ifaayo: kwamba maziwa ya mama ni bora, kwamba bidhaa hii itumiwe kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na kwamba kuikoroga vibaya kuna hatari. Zinakataza picha ya mtoto mchanga juu ya kopo. Koboko mama mmoja husoma Kiswahili, mwingine Kiarabu, wa tatu hazungumzi ila Kikakwa na hasomi kabisa. Lugha ipi ifaayo kwao? Kwa asiyesoma, maelezo yote hayo ni kama hayapo, na kinachobaki kuzungumza ni rangi, nambari na bei. Ndiyo maana namba za makopo zina nguvu kuliko tunavyodhani. Kopo lenye namba 3, la mtoto aliyekwisha kutembea, hutengenezwa kwa rangi na alama zile zile za kopo lenye namba 1. Likiwekewa punguzo, mama wa mtoto wa mwezi mmoja amekwisha kulijua jina la kampuni. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipokea mwongozo unaoweka wazi kwamba katazo linahusu maziwa yote yanayouzwa kwa watoto hadi miezi 36. Muuzaji anayejitetea kwamba alipunguza bei ya namba 3 tu anapaswa kulijua hilo, ingawa namwonea huruma. Ni nani aliyemfundisha?

Zaidi ya hayo, kanuni za Uganda zilitungwa wakati ambapo mtu wa Koboko hakuwa na simu mkononi. Siku hizi duka halihitaji bango mlangoni. Picha ya kopo na bei mpya hutumwa katika kundi la WhatsApp, na imewafikia wajawazito kabla hawajajifungua. Ripoti ya WHO ya mwaka 2022 ilichunguza machapisho milioni 4 ya mitandaoni kuhusu ulishaji wa watoto, yaliyotolewa katika nusu ya kwanza ya mwaka 2021, na ikaona yaliwafikia watu bilioni 2.47. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu ulipitisha azimio linalozitaka nchi zidhibiti utangazaji wa namna hiyo.

Kuhusu kambi za wakimbizi msimamo uko wazi. Rhino Camp, Imvepi na Lobule zimewapokea watu wa Sudan Kusini na wa Kongo kwa maelfu mengi, na mwongozo wa kimataifa wa ulishaji wa watoto wakati wa dharura, uliotolewa upya mwaka 2017, unasema misaada ya maziwa ya kopo isiombwe wala isipokewe. Yanayohitajika yanunuliwe, yatolewe kwa mtoto aliyechunguzwa, na yaendelee kutolewa muda wote anaoyahitaji. Ni wazo lile lile la kifungu cha tano: kinachokuja kisiondoke kabla ya wakati wake.

Na hapa ndipo ninapoona upungufu wa sheria yetu, au tuseme upungufu wa wanaoisimamia. Wapo watoto ambao kopo ni uhai wao. Mama amefariki wakati wa kujifungua, mama anatumia dawa za saratani, mtoto ameokotwa. Kwa bibi anayelea mjukuu wa aina hiyo katika kijiji cha Koboko, katazo la punguzo halina faida yoyote, kwani hakuna kifua cha kulindwa. Yeye anailipa bei kamili ya kopo kila baada ya siku nne, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya wengine inamzuia hata kubahatisha wiki ya nafuu. Sentensi ile ya bei ya kudumu iliandikwa kana kwamba inamfikiria yeye. Lakini ruhusa si wajibu. Sheria imeuruhusu mlango ufunguliwe, wala haikumtaja wa kuufungua, na mtengenezaji hana haraka.

Swali hili limeibuka hata mahali ambapo kuna fedha. Uingereza, ambako kupunguza bei ya maziwa ya watoto wachanga kumekatazwa vilevile, mamlaka ya ushindani wa biashara ilitoa ripoti yake Februari 2025 baada ya malalamiko ya wazazi kuhusu bei. Ilieleza kwamba makopo yote yanayoruhusiwa kuuzwa yanatosheleza mahitaji ya mtoto, ya bei ya chini na ya bei ya juu, ila wazazi huchagua kwa jina la kampuni, mara nyingi hospitalini, wakati wamechoka na wana hofu. Haikupendekeza matangazo yafunguliwe. Ilishauri wazazi waelezwe ukweli huo waziwazi, na waruhusiwe kulipia kwa kuponi na pointi walizojilimbikizia dukani. Huo ni ushauri ambao Arua ingeweza kuufuata kesho bila kugusa sheria: mkunga amwambie bibi yule kwamba kopo la bei ya chini, likiwa halali na halijapita muda wake, linamfaa mjukuu sawa na lile la jina kubwa. Kiwango cha kimataifa cha maziwa haya kipo tangu mwaka 1981 hiyo hiyo.

Kuna pia swali la muda, ambalo muuza duka hawezi kulijibu. Mwaka 2016 uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba asilimia 66 ya watoto wa Uganda walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya tu bila kupewa kitu kingine. Ni sifa kubwa kwa nchi. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mama siku 60 za kazi, na huyo ni mama mwenye ajira rasmi. Anayeuza nyanya sokoni hana hata siku moja anayolipwa. Tukimkataza kushawishiwa na kopo, kisha tukamnyima muda wa kunyonyesha, tumemfungia njia mbili kwa wakati mmoja.

Limebaki jambo dogo la dukani, ambalo kwa miji kama Koboko huenda ni kubwa kuliko yote. Punguzo nyingi hazitokani na hila za kampuni. Hutokana na tarehe. Kopo limekaa, wanunuzi ni wachache, na mwisho wa matumizi ni mwezi ujao. Mwenye duka wa bidhaa nyingine yoyote angeshusha bei aokoe mtaji wake. Kwa namna ninavyoyasoma maneno ya Kanuni, hayo nayo ni mauzo maalumu, na hayaruhusiwi. Njia halali ni kulirudisha kwa msambazaji. Msambazaji yuko Kampala, zaidi ya kilomita 500, na muuzaji mdogo hana mkataba unaomlazimu msambazaji huyo kupokea. Hasara ni ya muuzaji peke yake, ama kopo linavuka mpaka kimyakimya, ama linafunguliwa na kuuzwa kwa kijiko pasipo lebo wala tarehe. Wizara ikitaka katazo hili liheshimiwe Nile Magharibi, ingeanza kwa kumbana msambazaji ayapokee makopo yake yasiyouzwa, kabla ya kumtuma mkaguzi kwa mwenye duka.